Augusta 1983: Wachezaji Walipata Haki, Makedi Wakapoteza Kazi

Kila Aprili mashindano ya gofu ya Masters yanapokaribia, historia ya klabu inayoyaandaa, Augusta National, husimuliwa kwa mpangilio uleule. Bobby Jones na Clifford Roberts waligeuza bustani ya miche katika jimbo la Georgia, Marekani, kuwa uwanja wa gofu. Lee Elder akawa mchezaji mweusi wa kwanza kwenye Masters mwaka 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza akapokelewa 1990, na wanawake 2012. Mwaka 1983 hupewa sentensi moja tu katikati: klabu iliacha kuwalazimisha wachezaji kubebewa mikoba ya fimbo na makedi wake, yaani wabebaji ambao pia humshauri mchezaji uwanjani, na ambao walikuwa weusi. Huhesabiwa kuwa hatua ya mbele, kisha msimulizi anaendelea. Naona sentensi hiyo inawapunja watu ambao uamuzi ule uliwagusa kuliko wote.

Hoja ya wachezaji ni ya kweli, na haihitaji maneno mengi. Mchezaji wa kulipwa huzunguka na kedi wake msimu mzima. Kedi huyo anajua mwajiri wake hupiga umbali gani kwa kila fimbo, anajua pia wakati wa kumtuliza. Kumtenganisha naye katika wiki kubwa kuliko zote lilikuwa jambo gumu kulitetea. Mwaka 1982 mvua ilikatiza mchezo, na ulipoanza tena asubuhi iliyofuata baadhi ya makedi hawakuwapo. Malalamiko yakawa mengi. Novemba mwaka huo ikatangazwa kwamba kuanzia Aprili kila mchezaji anaweza kuja na mtu wake.

Ipo hoja nzito zaidi. Sharti lile lilitoka katika utaratibu wa kibaguzi: weupe wanacheza, weusi wanabeba. Siwezi kulitetea na sitajaribu. Lakini ndani ya utaratibu huo mbaya kulikuwa na wanaume waliojijengea ujuzi ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa nao, na ujuzi huo ulikuwa mali yao.

Ili kuuelewa, uangalie uwanja wenyewe. Alister MacKenzie, aliyeusanifu pamoja na Jones, aliweka mitego ya mchanga 22 tu na njia pana za kupigia. Ugumu aliuficha kwenye grini, zile sehemu za nyasi fupi zenye shimo, ambako miinuko hudanganya jicho. MacKenzie alifariki Januari 1934, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza. Siri za grini zake zikabaki kwa waliozikanyaga kila siku.

Mmoja wao alikuwa Willie Stokes, aliyeitwa Pappy. Alikuwa mtoto uwanja ulipokuwa ukijengwa, akaona jinsi maji ya mvua yalivyoteremka kuelekea kijito cha Rae's Creek. Kutokana na hilo alijua mpira ungevutwa upande gani hata pale macho yalipokataa kuamini. Alibeba mikoba ya washindi mara tano: Henry Picard 1938, Claude Harmon 1948, Ben Hogan 1951 na 1953, Jack Burke 1956. Wachezaji wanne tofauti, kedi mmoja. Tukio la namna hiyo likijirudia mara tano, mimi siwezi kuliita bahati.

Takwimu inayonirudia kichwani ni ya Fuzzy Zoeller. Mwaka 1979 alishinda Masters mara yake ya kwanza kucheza hapo, akiongozwa na kedi wa klabu, Jariah Beard. Katika miaka zaidi ya 40 iliyofuata, hakuna mgeni mwingine aliyefanya hivyo. Inashawishi kusema: waliondoka wenyeji, wageni wakapotea. Hesabu hairuhusu tufike huko moja kwa moja, maana kabla ya Zoeller walioshinda wakiwa wageni ni wawili tu, Horton Smith 1934 na Gene Sarazen 1935, na kati ya 1936 na 1978 makedi wa klabu walikuwapo bila mgeni kushinda. Basi kedi hakuwa dawa ya ugeni. Hata hivyo, mgeni pekee aliyeuvuka ukuta ule katika miongo hiyo yote alikuwa na Beard kando yake, na Zoeller mwenyewe hakuacha kumsifu.

Kuanzia 1934 hadi 1982 Masters ilichezwa mara 46, na kila mshindi alikuwa na kedi wa klabu. Baada ya hapo imetokea mara mbili, 1984 na 1995, mchezaji akiwa Ben Crenshaw na kedi akiwa Carl Jackson nyakati zote mbili. Kwa wengi, wiki hiyo ndiyo iliyokuwa tumaini la mwaka, kwa kuwa klabu hufungwa majira yote ya joto, na kwa desturi mshindi humpa kedi takriban asilimia 10 ya zawadi. Fedha hiyo ilihama mji mwaka uleule ambao tunasimulia kuwa wa maendeleo.

Jackson alibeba mkoba kwenye Masters yake ya kwanza mwaka 1961, akiwa na miaka 14. Crenshaw alikuwa huru kumwacha mwaka 1983 kama wengine walivyofanya. Alibaki naye, na mwaka 2015 alipocheza Masters yake ya mwisho, Jackson, ambaye afya haikumruhusu kubeba, alikuwa akimsubiri kwenye shimo la 18.