Gerald Croft asamehewe kwa lipi?

Ukianza mjadala wowote wa tamthilia ya An Inspector Calls, lawama huwa zina wenyewe: mzee Birling na tamaa yake ya faida, mkewe na kiburi chake. Gerald Croft hupenya katikati yao salama salimini, watu wakisema, "Angalau yeye alimjali yule binti." Hiyo "angalau" imenichosha. Ukiniuliza katika nyumba ile namwogopa nani zaidi, nitamtaja Gerald kabla hata ya mwenye nyumba.

Kwa asiyeijua: J. B. Priestley aliiandika mwaka 1945, ila mambo yenyewe yanatokea usiku mmoja wa mwaka 1912, katika Brumley, mji wa viwanda wa kubuni huko Uingereza. Akina Birling wako mezani wakisherehekea uchumba wa binti yao Sheila na Gerald. Anaingia inspekta aitwaye Goole na habari kwamba msichana aitwaye Eva Smith amekunywa dawa ya kuulia vijidudu na amefariki hospitalini. Kumbe kila aliyepo ana mkono wake katika maisha ya marehemu. Birling alimfukuza kiwandani kwa kuwa miongoni mwa vinara wa mgomo wa kudai shilingi 25 kwa wiki badala ya 22 na nusu. Sheila akamponza, akafukuzwa na dukani alikopata kazi baadaye, kwa wivu wa gauni. Zamu ya mama mtu na kaka mtu nayo itafika.

Gerald ni mtoto wa Sir George Croft, mwenye kampuni kubwa na kongwe kuliko ya Birling. Ana umri wa kama miaka 30, mtanashati, maneno yake yamepimwa. Mzee Birling anamnyenyekea mpaka unaona aibu kwa niaba yake: anamdokezea kwamba huenda naye akatunukiwa cheo cha "Sir", ili mama yake Gerald asije akaona mwanawe ameoa pabaya.

Kuna sentensi yake moja ambayo wengi huipita. Mgomo unapozungumziwa, Gerald anasema wafanyakazi wale wasingefika mbali, maana ilikuwa baada ya likizo na wote walikuwa wameishiwa, kama anavyowajua yeye. Kama anavyowajua! Anajua fika kwamba hawana akiba hata ya wiki chache, na bado anakubaliana na Birling kuwa hapakuwa na jingine la kufanya ila kuwafukuza vinara. Huo ndio ujuzi alionao juu ya watu maskini kabla hajakutana na mmoja wao kwenye baa.

Baa yenyewe iko katika ukumbi wa maonyesho wa Palace, Machi 1911. Eva, ambaye sasa anajiita Daisy Renton, amebanwa kwenye kona na diwani mmoja mlevi. Gerald anamwokoa, anampeleka hotelini, anagundua ana njaa, anamwagizia chakula. Hapa simnyimi haki yake, huo ulikuwa utu. Tatizo ni kilichofuata. Anampa vyumba vya rafiki yake aliyekwenda Kanada kwa miezi sita, anamweka kinyumba humo, huku Sheila akiambiwa kwamba kiangazi kile mchumba wake amebanwa na kazi. Wiki ya kwanza ya Septemba penzi linavunjwa. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Wema wake wote ulikaa ndani ya nyumba ya kuazima, na muda wake ukaisha pamoja na muda wa nyumba. Akamwachia fedha za kumfikisha mwisho wa mwaka, akaendelea na mambo yake. Daisy alikwenda pwani akakaa huko peke yake kama miezi miwili, akikumbuka raha aliyokuwa nayo. Gerald hata hilo hakulijua mpaka alipoambiwa na inspekta.

Watetezi wake watanikumbusha kuwa inspekta mwenyewe alikiri Gerald alimpa binti yule furaha kwa muda. Sawa. Lakini tazama anavyotumia akili yake usiku uleule. Anatoka kupunga upepo, anakutana na polisi anayemfahamu, anathibitisha kwamba hakuna inspekta wa jina lile. Anarudi mbio na hoja ya kiwakili: kila mmoja huenda alionyeshwa na inspekta picha tofauti ya msichana, kwa hiyo huenda wasichana walikuwa tofauti. Anapiga simu hospitalini, anaambiwa hakuna aliyeletwa kwa kunywa sumu. Wazee wanapumua, vinywaji vinamiminwa.

Sasa, yeye mwenyewe anakiri kwamba hakuonyeshwa picha yoyote. Alijifichua alipolisikia jina la Daisy Renton. Kwa hoja yake mwenyewe, basi, Daisy bado ni wake, awe ndiye Eva au asiwe. Yuko wapi? Anakula nini? Gerald ana simu mkononi na haulizi. Kilichomshughulisha ni kama kuna maiti, na alipojibiwa hakuna, kwake kesi imekwisha. Mzee Birling ni mropokaji, uongo wake unaonekana upesi. Huyu anaweza kulia kwa dhati saa mbili usiku, na saa nne akakupangia ushahidi kwamba hapakuwa na cha kuliliwa.

Kisha anamnyooshea Sheila tena pete ya uchumba, aliyokuwa amemrudishia usiku uleule, eti mambo yamekuwa shwari. Sheila anajibu kwamba ni mapema mno, anahitaji kufikiri. Wapo wanaomwona amelegea, walitaka aitupe. Mimi naona kwa binti wa mwaka 1912, mbele ya wazazi wanaoutaka mkono wa akina Croft kuliko yeye anavyomtaka Gerald, kutoipokea palepale kulihitaji ujasiri. Muda mfupi baadaye simu inalia: kuna msichana amefariki akipelekwa hospitalini, na polisi anakuja kuwahoji. Wote wanaduwaa, Gerald pamoja nao, ingawa sina shaka kwamba wa kwanza kupata wakili mzuri atakuwa yeye.