Tuwafundishe watoto jinsi mnyoo anavyotembea

Shuleni mtoto hupewa kidonge cha minyoo na kuambiwa anawe mikono kabla ya kula. Ni sawa kabisa. Ila mnyoo mwenyewe tunamwachia kuwa kinyaa tu, na hapo naona tunawanyima watoto somo tamu la biolojia.

Mchukue askarisi, anayekaa kwenye utumbo mwembamba wa binadamu. Jike huweza kupita sentimita 30. Hajing'ang'anizi ukutani kwa kuuma kama afanyavyo mnyoo wa safura. Chakula kinasukumwa kwenda chini, naye hubaki juu kwa kuogelea kinyume cha mkondo. Akiacha, anatoka na choo.

Anaogeleaje ilhali hana mfupa? Mwili wake umejaa kama tyubu ya baiskeli, ila kilichobanwa ndani ni maji, na nje kuna gamba imara la kolajeni, aina ya protini. Ukimtoboa kwa sindano, maji yale huruka. Nyungunyungu ana misuli ya kuzunguka mwili na ya urefu, ndiyo maana hujikunja na kujirefusha. Askarisi ana ya urefu peke yake. Ya mgongoni ikikaza, ya tumboni hulegea, mwili unapinda. Kisha zamu hubadilika, na shinikizo la maji husaidia kuunyoosha. Mawimbi hayo yakipita mwilini, mnyoo anasonga.

Kinachonishangaza zaidi ni hiki: kwetu sisi neva ndiyo huufuata msuli, lakini kwa minyoo hawa msuli ndio hunyoosha mkono wake kuifikia neva. Mdogo wao wa milimita 1, Caenorhabditis elegans, mnyoo wa udongoni, ana seli za neva 302 tu, na mchoro wa jinsi zinavyoungana ulichapishwa mwaka 1986. Chini ya hadubini utamwona amelala ubavu, akichora S moja baada ya nyingine.

Mtoto akishaelewa haya, dawa nayo inaeleweka. Levamisoli huamuru misuli ya mnyoo ikaze isilegee. Anapooza, na utumbo wenyewe unamtoa. Mzazi akimwona mnyoo mzima chooni hudhani dawa imeshindwa, kumbe imefanya kazi yake. Albendazoli, inayogawiwa shuleni, hupita njia nyingine: huvuruga nyuzi ndogo ndani ya seli zake, ashindwe kufyonza sukari hadi nguvu zimwishie.

Yote haya mwalimu anaweza kuyachora ubaoni kwa chaki, siku ileile ya kugawa vidonge.