Tumchangie Mama Mkubwa Kichipu cha Jichoni?

Oktoba 2025 yalichapishwa matokeo ya PRIMA, kichipu kinachopandikizwa chini ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ya mzee aliyepofuka kwa ugonjwa wa makula. Habari hiyo ilifika hadi kwenye kundi letu la ukoo hapa Tabora, na swali likaja mara moja: tumchangie mama mkubwa aende Ulaya?

Makula ni eneo dogo katikati ya retina, ndilo linalotuwezesha kusoma na kutambua sura za watu. Uzee unapolichakaza, kinachopotea ni katikati. Pembeni mtu anaendelea kuona. Mama mkubwa anakwenda sokoni peke yake, lakini ukimsalimia anageuza uso upande ndipo akuone. Noti ya elfu tano na ya elfu kumi anazipapasa kwanza. Fremu ya mlango anasema imepinda.

Wanaotaka tuchange wana hoja nzito. Kati ya watu 32 waliofuatiliwa mwaka mzima, 26 walisoma herufi nyingi zaidi kwenye ubao wa vipimo, wakitumia miwani yenye kamera inayopeleka picha kwenye kichipu. Wote walikuwa na aina kavu ya ugonjwa huu, ile isiyo na mishipa inayovuja damu, tena iliyokomaa, ambayo kwa miaka mingi wagonjwa wake waliambiwa wazoee tu. Mtu aliyekata tamaa ya kusoma barua akisoma tena, hilo si la kubezwa.

Ila wanaosita nao wasikilizwe. Uono huo hauna rangi, na unahitaji mazoezi ya miezi. Kati ya watu 38 waliopandikizwa, 19 walipata madhara makubwa, ingawa mengi yaliisha ndani ya miezi miwili. Hata sindano za aina hiyo kavu zinawagawa wataalamu: pegcetacoplan iliruhusiwa Marekani Februari 2023, Ulaya ikaikataa 2024. Inapunguza kasi ya sehemu iliyoharibika kutanuka, lakini uono uliopotea haurudishi. Ni sindano ndani ya jicho, mwezi baada ya mwezi. Hapo mimi naielewa Ulaya zaidi.

Kinachonitisha hasa ni wauza matumaini. Mwaka 2015, huko Florida, wanawake watatu wazee walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe. Kila mmoja alilipa dola 5,000, na macho yote mawili yalidungwa siku moja. Uono mdogo waliokuwa nao ukaharibika vibaya. Baadhi yao waliamini wako kwenye utafiti. Utafiti wa kweli haumuuzii mgonjwa dawa inayojaribiwa, na kwa hapa kwetu lazima uwe na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Atakayetutajia bei kwanza, tumwogope.

Basi tuchange, lakini si kwa ajili ya kichipu. Mpaka leo mama mkubwa hajapimwa na daktari bingwa wa retina. Nyumbani tulishasema ni uzee, na kuna aliyempelekea asali ya Sikonge ya kudondoshea machoni. Asali ni chakula kizuri, lakini kwenye retina haifiki. Ikiwa ana aina mbichi, ile ya mishipa inayovuja damu, dawa ipo tangu zamani: bevacizumab, dawa ya saratani ambayo utafiti wa 2011 uliiona inafanya kazi sawa na ranibizumab, dawa ya macho iliyo ghali mno. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2013. Aina hiyo haivumilii kusubiri; wiki chache zinatosha kuacha kovu.

Aanzie hospitali ya Kitete hapa Tabora apate rufaa, na mchango wa kwanza uwe nauli ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam, yeye na wa kumshika mkono. Na wajomba wanaovuta tumbaku tunayoilima wenyewe Urambo na Kaliua wajue kwamba sigara inauharakisha ugonjwa huu. Kila aliyevuka miaka 50 achukue daftari la hesabu lenye miraba, afunike jicho moja, atazame katikati ya ukurasa, kisha abadilishe jicho. Akiona mistari imepinda au pana doa, wiki hiyohiyo aende kliniki ya macho.