Shule za Udaktari: Tujenge Ukumbi au Tupanue Wodi?

Chuo kinapopanga kufunza madaktari huku kwetu magharibi mwa Kenya, mazungumzo huelekea haraka kwenye majengo: ukumbi wa mihadhara, maabara ya anatomia (elimu ya maumbile ya mwili), jumba la utawala. Wengine hupinga wakisema daktari hufunzwa na mgonjwa, si na saruji. Pande zote mbili zina hoja, na ubishi wenyewe ni wa kale.

Huko Padua, Italia, ubishi huo ulikaa ndani ya mji mmoja. Katika miaka ya 1540, Giovanni Battista da Monte aliwapeleka wanafunzi wake hospitalini wajifunze kando ya kitanda. Mwishoni mwa karne hiyo chuo hichohicho kikajenga ukumbi wa kudumu wa kupasulia maiti, ambao umesimama hadi leo. Una umbo la yai na safu sita zinazopanda kwa mwinuko mkali, nyembamba kiasi kwamba wanafunzi walisimama wameegemea vizuizi vya mbao, macho yote kwenye meza moja chini kabisa. William Harvey, aliyekuja kuthibitisha mzunguko wa damu, alihitimu Padua mwaka wa 1602. Kwa hiyo sikubaliani na anayedharau ukumbi wa aina hiyo. Ulifunza macho kuona. Kuuliza na kusikiliza haukufunza, maana aliyelazwa mezani hakuwa na la kujibu.

Huko Leiden, Uholanzi, karne ya 18, daktari Herman Boerhaave alifundisha akiwa na vitanda 12 tu, sita vya wanaume na sita vya wanawake, na wanafunzi wakamfuata kutoka pembe zote za Ulaya.

Wanaotetea majengo wana shahidi mzito: Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Ripoti yake ya mwaka wa 1910 ilichunguza shule 155 za Marekani na Kanada, na nyingi alizikuta zikiwa biashara tu, bila maabara za maana wala hospitali. Kielelezo chake kilikuwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ambako maabara na wodi zilifanya kazi pamoja. Shule dhaifu zilifungwa, na hilo liliwakinga wagonjwa wengi. Lakini kwa kipimo hichohicho alipendekeza shule mbili tu kati ya saba za Wamarekani Weusi ndizo zibaki. Shule zisizokuwa na wafadhili zilikufa, na jamii zilizokuwa na uhaba wa madaktari zikazidi kukosa. Kipimo cha majengo peke yake kinaweza kuumiza watu walewale kinachodai kuwalinda.

Eldoret ilijaribu njia nyingine. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1990, iliwaweka katika vikundi vidogo vya kuchambua tatizo la mgonjwa, mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kisha ikawatuma vijijini na kwenye vituo vya afya. Wakosoaji wa mtindo huo husema anatomia inaweza kubaki na mapengo na kwamba unahitaji walimu wengi. Ni kweli, vikundi vya watu wanane bila walimu wa kutosha ni jina tu.

Kisumu kuna funzo jingine. Hospitali ambayo wakazi huiita Russia, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka wa 1969, leo ndiko wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno wanakojifunzia. Hospitali za kizazi hicho zilichorwa kwa ajili ya kutibu. Tazama raundi ya asubuhi katika wodi yoyote iliyojaa: daktari bingwa yuko kando ya kitanda, mainterni (madaktari wapya walio mafunzoni) nyuma yake, halafu safu za makoti meupe, na wa mwisho wanaona migongo tu. Mama anaulizwa mambo ya ndani kabisa ya mwili wake, na jirani wa kitanda cha pili anasikia kila neno. Mwanafunzi hapati kitu, na mgonjwa anapoteza heshima yake.

Ndiyo maana naegemea upande wa wodi, ila si wodi jinsi zilivyo. Maabara ya anatomia ijengwe vizuri. Hapo hakuna njia ya mkato. Ukumbi wa viti mia tatu ungoje. Fedha zake zijenge chumba cha watu kumi kando ya kila wodi, ambamo kesi itajadiliwa mlango ukiwa umefungwa kabla wanafunzi wawili au watatu hawajaenda kwa mgonjwa, na mabweni madogo kwenye vituo vya afya mashambani. Kaunti zinazochora hospitali mpya ziwaite walimu wa udaktari mezani kabla ramani haijapitishwa.