Doti kwenye kioo cha kamera mpya: fungua menyu kabla hujalipa

Msimu wa sherehe za Desemba Moshi unapokaribia, wapiga video wengi hupanda Arusha kutafuta kamera mpya. Boksi linafunguliwa, kioo, yaani skrini ya kutazamia picha, kinawashwa, na pale katikati kuna doti nyekundu au nyeusi ambayo haitoki hata ukifuta kwa kitambaa. Muuzaji anasema, "Hiyo kawaida, bosi, itapotea yenyewe." Jibu hilo halitoshi. Doti ya kioo na doti ya sensa, ile chipu iliyo nyuma ya lenzi inayonasa picha, ni magonjwa mawili tofauti. Ya kioo inakuudhi wewe unayerekodi tu, lakini ya sensa itaonekana kwenye kila send-off na kila kipaimara utakachokabidhi kwa mteja.

Kuyatofautisha hakuhitaji fundi. Fungua menyu. Maandishi ya menyu huchorwa juu ya picha, kwa hiyo doti inayoendelea kuonekana juu yake iko kwenye kioo. Ikifunikwa, inatoka kwenye sensa. Kuna kamera ambazo menyu yake inapitisha picha kwa nyuma, na hapo unaweza kuchanganyikiwa. Basi geuza kioo nyuzi 180 kielekee mbele, kama unayejirekodi mwenyewe. Picha itapinduka. Doti ya kioo itabaki palepale ilipo, ya sensa itahamia upande mwingine wa kioo.

Kwa nini vioo vipya huja na kasoro? Kioo kinachotangazwa kuwa na doti 921,600 kina pikseli (nukta kamili za picha) 307,200 tu, kwa kuwa kila pikseli ina vipande vitatu, chekundu, kijani na bluu, kila kimoja kikihesabiwa doti moja na kikiwa na transista yake, yaani swichi ndogo ya umeme. Kipande kimoja kikigoma kuzimika, unaona doti ya rangi. Watengenezaji wengi huandika kwenye kitabu cha maelekezo kwamba zaidi ya asilimia 99.99 ya pikseli zinafanya kazi. Piga hesabu: asilimia 0.01 ya 307,200 ni takriban pikseli 30. Kwa maandishi hayo, doti moja haihesabiki kuwa ubovu, na kudai waranti kwa ajili yake ni kupoteza nauli. Ndiyo maana nasema pambano lote liko dukani, kabla pesa haijatoka mkononi. Duka linalokataa kufungua boksi na kuwasha kamera, huku ukutani limebandika "mali ikishauzwa hairudishwi", halistahili pesa yako. Toka, nenda duka la pili.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika ishirini, na hizo si nyingi kwa chombo cha mamilioni. Ongeza mwanga wa kioo hadi mwisho. Zima zebra (mistari inayoonyesha sehemu zenye mwanga mkali mno) na alama za kusaidia fokasi, maana zitakuficha mengi. Jaza fremu na karatasi nyeupe ya A4, vuruga fokasi kwa makusudi, kisha tafuta doti nyeusi. Halafu weka kifuniko cha lenzi na utafute zinazowaka. Mwisho washa simu ikiwa na rangi moja skrini nzima, isogeze karibu na lenzi: nyekundu, kijani, bluu, kwa zamu. Ukiona kitu, kiangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia madalali wa vito hapa Arusha. Pikseli mbovu ina kingo zilizonyooka, kama kigae kidogo sana. Chenye umbo la ovyo ni vumbi lililonaswa chini ya kioo.

Sensa inahitaji subira zaidi, kwa sababu doti zake hujitokeza kamera ikipata joto na geini (ukuzaji wa mwanga wa picha kwa umeme) ikipanda, yaani saa tatu usiku ukumbini, taa zikiwa zimepunguzwa. Acha kamera iwake dakika 10 kifuniko kikiwa kwenye lenzi, panga shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) sekunde 1/50, pandisha geini kwa mkono hadi 18 dB, rekodi dakika moja, kisha itazame kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Usitegemee kioo kidogo cha kamera. Doti ya sensa mara nyingi huonekana kama msalaba mdogo, kwa sababu kamera hukokotoa rangi ya kila pikseli kwa kutazama majirani zake. Ukiikuta, usikimbilie kuikataa kamera. Nyingi za kitaalamu zina marekebisho ndani ya menyu: Sony wanayaita APR (urekebishaji wa pikseli wa otomatiki), kwingine hufanyika pamoja na ABB (usawazishaji wa weusi wa otomatiki). Funga lenzi, endesha, rudia jaribio. Kamera itaziba doti hiyo kwa wastani wa pikseli za jirani. Ikibaki baada ya kurudia mara mbili, hapo ndipo unairudisha kwenye boksi.

Umeshanunua na doti ni ya kioo? Nyeusi iache. Ya rangi inaweza kuamshwa kwa rangi zinazobadilika haraka, ingawa kamera nyingi hazichezi faili ya nje. Rekodi kwa kamera hiyohiyo skrini ya kompyuta inayobadilisha nyekundu, kijani na bluu kwa dakika 10, kisha uicheze kwa kurudia saa moja hadi mbili, kamera ikiwa kwenye umeme. Mara nyingine hufaulu. Kubonyeza kwa kidole au ncha ya kalamu sikushauri kabisa: kioo cha kugusa ni chembamba, na doti moja hugeuka doa.

Na siyo kila uchafu ni pikseli. Wanaopanda na kamera kuelekea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, huona picha ikiburuza mkia kwenye kioo. Baridi imefanya fuwele zilizomo ndani ziwe nzito. Ikipata joto la koti, kioo kinarudi kama kilivyokuwa.