Mliopanda Meli ya Vijana, Tanga Tunawasubiri

Nilikuwa na miaka 28 karatasi ile iliponifikia. Nakala ya nakala, herufi zimefifia, ikisema kwamba vijana wa Kitanzania watachaguliwa kwenda Japani kupanda meli pamoja na wenzao wa mataifa mengine. Niliisoma pale pale njiani, Ngamiani, mguu mmoja chini na mwingine juu ya pedeli, jua la saa nane likiniwakia kichwani. Nikashuka nayo mstari kwa mstari mpaka kwenye tarehe. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa umepita siku nne. Karatasi ilikuwa imelala juu ya meza ya ofisi moja hapa mjini karibu mwezi mzima, na aliyenipa alinipa kwa wema wake tu, maana alijua napenda mambo ya lugha.

Nikajiambia, haidhuru, nitaomba mwakani. Sikujua kwamba mpango ule hauendi hivyo. Nchi zinazoalikwa hubadilika, na umri unaotakiwa ni miaka 18 hadi 30. Niliposikia Tanzania imeitwa tena nilikuwa nimeshavuka. Sikupanda, wala sitapanda. Lakini jambo hili sijaliacha, na leo nataka kuzungumza na ndugu zangu mliopanda.

Kwa asiyeujua: mpango huu ni wa serikali ya Japani, chini ya Ofisi ya Baraza la Mawaziri. Mizizi yake ni 1967, Japani ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya mageuzi ya mfalme Meiji, ikaanza kuwapeleka vijana wake nje kwa meli. Mwaka 1988 ukapangwa upya ukawa Meli ya Vijana wa Dunia, Wajapani na wageni ndani ya chombo kimoja. Asia ya Kusini-Mashariki wana safari yao wenyewe tangu 1974. Kwa miaka mingi chombo kilichotumika ni Nippon Maru, meli ya abiria. Mnalala watatu watatu chumbani, kila mmoja na taifa lake.

Binti wa jirani yangu alipanda. Aliporudi alitukuta barazani na kahawa yetu, akaamkia wote, akaketi, akaanza kusimulia mpaka kahawa ikapoa. Siku za mwanzo alitapika hata akatamani kuukumbatia mchanga wa Raskazone, na mwenzake wa Kijapani ndiye aliyemshikia ndoo. Alisema kikao cha saa tatu kinaanza saa tatu, hakuna anayemngoja mtu. Usiku wa Tanzania walivaa kanga, wakagawa na nyingine, ikambidi asimame mbele ya watu wa nchi chungu nzima kuwaeleza kwamba nguo hii ina jina, na jina lake ni maneno, na mwanamke anaweza kuvaa maneno hayo akapita nayo mlangoni kwa mtu bila kufungua kinywa. Anasema ukumbi ulinyamaza, kisha wakaanza kugeuza kila mmoja kanga yake kuitafuta hiyo sentensi.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza, kwa upole kabisa, "Sasa, mwanangu, umeturudia na nini?"

Hakuwa anauliza zawadi. Binti alielewa, akainama. Swali lile nimelibeba moyoni tangu siku hiyo.

Waliopanda wana umoja wao. Nchi nyingi zilizoshiriki zina chama cha waliosafiri, na vyama hivyo hukutana katika mkutano wa dunia unaohama nchi hadi nchi. Kule Asia ya Kusini-Mashariki waliotangulia ndio wanaoipokea meli inapotia nanga kwao. Wanatafuta familia za kuwalaza vijana, wanazunguka mitaani kuomba vyumba, wanawafundisha wenyeji mgeni anakula nini na hali nini. Mtu aliyepanda akiwa na miaka 20 anafungua mlango wake akiwa na 50. Huo ndio mtandao ninaouelewa. Mtandao wa picha za zamani, pongezi za siku ya kuzaliwa na chakula cha jioni Dar es Salaam ni raha ya waliokwisha kupata, na raha si haramu, ila mama yule barazani hakuulizia hiyo.

Wazee waliofanya kazi bandarini hapa watanielewa upesi. Mpaka miaka michache iliyopita meli kubwa hazikuweza kufika gatini Tanga. Zilitia nanga mbali, kama kilomita 1.7, kwa sababu gatini kina kilikuwa mita 3 tu. Shehena ikishushwa kwenye matishari, vyombo bapa vya mizigo, tishari likivutwa polepole mpaka ukutani, na huko nje mkonge wetu ukipelekwa kwa njia hiyo hiyo. Sasa gati limejengwa upya na kina kimechimbwa hadi mita 13, meli zinakuja zenyewe. Lakini miaka yote ile, meli iwe kubwa vipi, bila tishari kilichomo ndani tulikitazama kwa macho. Meli ya vijana haiji Tanga. Ninyi mliopanda ndio matishari yetu, na wengi wenu mmetia nanga Dar.

Nani anachaguliwa? Anayejua Kiingereza, aliyesikia tangazo mapema, ambaye pasipoti iko kabatini. Si kosa lake. Lakini mfikirie kijana wa Sahare, hapa Tanga, aliyekua juu ya ngalawa. Anajua kaskazi ikianza kuvuma maji yanageuka rangi gani. Anajua bamvua na maji mafu kuliko mimi ninavyojua siku za juma. Baba yake amewahi kumkuta silikanti kwenye jarife, yule samaki ambaye wataalamu walimdhania ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipovuliwa Afrika Kusini 1938, na ambaye kwa ajili yake pwani yetu ikatengwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Vijana mamia wanakaa baharini wiki kadhaa wakizungumzia mazingira, na huyu mwenye bahari hayumo. Ni hasara yao kama ilivyo yetu.

Kinachomzuia ni vitu vya kawaida sana. Pasipoti ni shilingi 150,000. Inataka kitambulisho cha taifa, cheti chake cha kuzaliwa na cha mzazi mmoja. Hapo kwenye cha mzazi ndipo wengi wanapokwama, maana mama alizaliwa nyumbani kijijini Pangani, mkunga alishafariki, na hakuna aliyeandika. Kulisawazisha hilo kunachukua miezi, wakati tangazo linatoa wiki chache. Ukisubiri tangazo ndipo uanze kutafuta karatasi, umeshachelewa. Nani anaweza kumwambia haya mapema kuliko mtu aliyeyapitia? Mimi sikuambiwa.

Nasikia wengine wakisema kazi ya kutangaza ni ya serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai. Ila karatasi yangu ilikufa mezani kwa sababu hakukuwa na mtu mjini hapa aliyejua thamani yake. Angekuwepo mmoja tu aliyewahi kupanda, angeipigania kama roho yake.

Binti wa jirani, baada ya swali la mama yake, alikaa kimya wiki mbili tatu. Kisha akaja kuniomba baraza. Sasa kila Jumamosi anakaa pale na vijana, mara watano, mara wawili. Wanasoma Kiingereza cha kuzungumza, anawafanyisha usaili wa kuigiza, wanapekua makaratasi ya wazazi. Mmoja wao, mtoto wa mvuvi, amekwenda Pangani mara mbili kutafuta watu wa kumshuhudia mamake amezaliwa wapi. Yupo mbioni, na umri wake bado unaruhusu. Mimi kazi yangu ni kahawa na kuwasahihisha barua.

Kazi inamzidi peke yake. Hajui namna ya kuwaandaa kwa mambo ambayo yeye hakuyapitia, na wapo kati yenu wauguzi, wahandisi, walimu, watu wa benki. Tunaanza saa kumi baada ya Alasiri. Ukipanda basi la alfajiri kutoka Dar utafika na muda wa kuoga na kula. Kulala usihofu, nyumba ipo.