Matunzo asipolipa mume, analipa kaka wa mke

Mdogo wangu wa kike aliachana na mumewe akarudi nyumbani na watoto wawili na begi moja, nikamwambia kaa hapa mpaka mambo yaishe, akilini nikijua ni mwezi tu. Ikaenda mwaka na miezi miwili. Muda wote huo unga nanunua mimi, gesi mimi, ada ya chekechea mimi, nauli ya mahakamani mimi (na tarehe zenyewe mnafika mnaambiwa imeahirishwa), mke wangu hakusema neno, Mungu ambariki, ila nilikuwa namuona anavyopima mchele siku hizo. Shemeji yangu, yani huyo mumewe, na duka lake la spea yupo kwake katulia, ukimpigia anajibu "kaondoka mwenyewe, si ndo kataka talaka".

Sasa ukikaa kijiweni stori ya talaka ikianza utasikia fifti fifti, nyumba anachukua nani, kiwanja kimeandikwa jina la nani. Hiyo ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, mgawanyo wa mali mlizochuma pamoja, na kila mtu ni mwanasheria wa hicho kifungu. Jirani yake, 115, yani matunzo ya mke, hamna anayemtaja. Na sisi tulikuwa hivyohivyo, tumefungua shauri tumeomba talaka, mali na watoto, basi.

Kumbe matunzo hayasubiri hukumu! Kile kifungu kinasema mahakama inaweza kumuamuru mume amtunze mke hata ndoa ikiwa bado hai kama amegoma tu kutoa hela ya kula, au kamtelekeza, au wametengana, au kesi bado inaendelea, na pia wakati wa kutoa talaka na baada ya hapo. Na hii kesi kuendelea ndo penyewe hasa kwa maoni yangu, maana kesi zenyewe unajua zinavyoenda, mnaanzia Baraza la Usuluhishi la kata, likishindwa linawapa hati, ndo mnaenda mahakamani, mashahidi, tarehe, tarehe tena. Mwenye duka anaweza kusubiri hata miaka mitatu. Anayelala sebuleni kwa kaka yake na watoto wawili hawezi. Mwezi wa nane hivi shemeji akatuma mtu na ofa, chukua milioni mbili tumalizane usinidai kitu kingine, na mdogo wangu akaniambia "kaka mi nimechoka, naisaini tu". Nyumba waliyojenga wote inazidi hapo mara nyingi. Ile sahihi ilikuwa inatakiwa na njaa, na njaa yenyewe yule bwana ndo aliyeitengeneza kwa kukaa kimya.

Kwa bahati msaidizi wa kisheria mmoja akamuuliza mlishaomba matunzo? Tukatazamana.

Kiasi kinapangwaje? Kifungu cha 116, hakimu anaangalia kwanza uwezo wa mume na mahitaji ya mke, halafu anaangalia pia nani kachangia zaidi ndoa kuvunjika, na mila za watu wenyewe. Kwa hiyo usiende umebeba machozi tu, nenda na daftari, kodi shilingi ngapi, chakula, dawa, na upande wake duka lina mzigo kiasi gani, miamala ya simu, picha. Mtumishi mwenye slip ya mshahara ni rahisi maana mwajiri anaweza kuamriwa akate, huyu wa biashara anaingia mahakamani na ndala zilizochakaa siku hiyo hiyo aliyoshusha mzigo.

Kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu, matunzo ya mke baada ya talaka kwa kawaida yanaishia eda inapoisha, yani muda wa mke kusubiri kabla ya kuolewa tena, twahara tatu (vipindi vya usafi kati ya hedhi) au mpaka ajifungue kama ni mjamzito (Zanzibar ni habari nyingine, kule hii sheria haifiki, wanaenda kwa Kadhi). Akiolewa tena, yake yanakoma, na mimi naona ni haki kabisa. Ila ya watoto hayakomi hapo, yale ni ya watoto, yana Sheria ya Mtoto ya 2009, wanaume wenzangu msichanganye makusudi.

Kuna atakayesema mbona mzigo wote kwa mwanaume. Kweli, kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mke, mke mwenye uwezo anamtunza mume pale tu ugonjwa umemfanya ashindwe kujitafutia. Wakenya kwenye sheria yao ya ndoa ya 2014 wameandika mwenza tu, awe mume awe mke, na nadhani na sisi tufike huko, nawajua wanaume wanaolelewa na wake zao na hawaumwi hata mafua. Ila hilo halimlishi mama wa watoto wa leo.

Na msijidanganye kwamba mali itafidia. Kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya 1983, ambayo kila mtu anaitaja, ndo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Wachache wanakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, maana mume alishampa shilingi 15,000 za kujengea nyumba ya familia, yeye akazitumia kwingine, wakaona mchango wake umeshalipwa humo.

Tuliomba. Hakimu akaamuru laki na nusu kwa mwezi wakati kesi inaendelea, si nyingi, na mwezi wa kwanza alichelewesha siku kumi na moja, lakini ile karatasi ya milioni mbili haikusainiwa. Ya kwangu ya miezi ya nyuma nimesamehe. Spea za pikipiki yangu lakini kwake sinunui.